Leseni ya Mjini, Safari ya Barabara Kuu

Yapo mambo mawili ambayo utaratibu wa kutoa leseni nchini Kenya huyachukulia kuwa kitu kimoja ilhali ni vitu viwili tofauti kabisa. La kwanza ni kuweza kuliendesha gari mjini. La pili ni kuweza kuliendesha kwenye barabara kuu. Mwanagenzi akishafaulu mtihani wake, hupewa idhini ya yote mawili kwa mkupuo mmoja. Asubuhi anaweza kuwa anazunguka mtaani katika gari lenye herufi ya L mgongoni, mwalimu akiwa kando yake na breki ya pili chini ya mguu wa mwalimu huyo. Leseni ikishatoka, hakuna kinachomzuia kujitosa peke yake jioni kwenye barabara ya Thika, mvua ikinyesha na malori yakinguruma kulia na kushoto. Swali linaloibuka basi ni hili: je, dereva mpya alazimishwe kufunzwa kwenye barabara kuu kabla ya kuachwa peke yake? Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba ndiyo, alazimishwe, ingawa si kwa namna ambayo wengi wanaolipendekeza jambo hili hulifikiria.

Inafaa kwanza kutazama anachofunzwa mwanagenzi. Kila aliyewahi kupitia shule ya udereva humu nchini anaufahamu ule ubao wa mji wa mfano. Ni meza pana iliyochorwa mitaa, makutano, mizunguko na maegesho, na juu yake kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma kwa kidole huku akieleza anakoelekea na sheria anayoizingatia. Wapo wanaoucheka ubao huu, na kicheko chao hakina haki kamili. Ubao una manufaa yake: humfunza mtu nani ana haki ya kutangulia kwenye mzunguko, na kwamba barabara ya upande mmoja haigeuzwi kuwa ya pande mbili kwa sababu mtu amechelewa. Hata hivyo, kuna kitu ambacho ubao hauwezi kukifunza kamwe, nacho ni mwendo. Kigari cha kuchezea kina kasi ya kidole. Hata pale ubao unapoonyesha barabara pacha, barabara hiyo ina urefu wa shubiri mbili tatu, na magari mengine yaliyoko juu yake yamesimama tuli yakimsubiri mtahiniwa amalize maelezo yake.

Baada ya ubao huja barabara yenyewe. Hapa mwanagenzi hufunzwa kuliwasha gari, kuachilia klachi bila gari kuruka kama mbuzi, kubadilisha gia, kusimama kwenye mwinuko na kurudi nyuma baina ya vigingi. Mtaala unaweza kuwa unaitaja barabara kuu. Hoja ni kama magurudumu ya gari la mwanagenzi yamewahi kuikanyaga kwa mwendo unaostahili. Wengi hupokea leseni zao bila kuwahi kuzidi gia ya tatu. Siku ya mtihani, mara nyingi safari anayoitathmini mtahini huwa fupi kiasi kwamba mtahiniwa hana muda wa kukosea, sembuse kufika mahali ambapo kukosea kunaua.

Sasa na itazamwe barabara anayoachiwa. Barabara ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ikiwa na urefu wa kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi Thika. Katika sehemu zake pana ina leni nne kila upande, na kandokando yake kuna barabara za huduma ambazo magari hutokea na kuingia kila baada ya masafa mafupi. Mwaka 2022 ilifuata barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hivyo katika muda wa miaka kumi jiji lilipata aina ya barabara ambayo kizazi kilichotangulia hakikuwa nayo. Kwa kiasi kikubwa namna ya kumwandaa dereva imebaki ileile iliyomfaa mtu wa barabara finyu zenye mashimo, ambako mashimo yenyewe yalikuwa askari wa kudhibiti mwendo.

Ugumu mkubwa wa barabara kama hii uko mahali pa kuingilia. Chukua mfano wa dereva mpya anayetoka kwenye barabara ya huduma karibu na Roysambu. Yuko kwenye kilomita 40 kwa saa kwa sababu ndio mwendo alioufunzwa. Magari yaliyo kwenye barabara yenyewe yanakwenda kilomita 90. Tofauti ni kilomita 50 kwa saa, yaani takriban mita 14 kwa kila sekunde. Gari lililoonekana kwenye kioo likiwa mita 60 nyuma, ambalo kwa macho ya mtu wa mjini liko mbali sana, litakuwa limemfikia baada ya sekunde nne na kidogo. Katika sekunde hizo nne anatakiwa atazame kioo cha ndani, atazame kioo cha pembeni, ageuze shingo aone kile ambacho kioo hakionyeshi, awashe taa ya ishara, akanyage mafuta, abadilishe gia na aingie. Aliyezoea huyafanya yote hayo kama anayepumua. Asiyezoea hufanya mojawapo ya mambo mawili: huingia akiwa amefumba macho ya akili, au husimama kabisa mwisho wa njia ya kuingilia, na akishasimama huwa amejitia kwenye shida kubwa zaidi, kwani sasa atalazimika kuingia kutoka sifuri. Nyuma yake pia kuna matatu ambayo dereva wake hakutarajia mtu kusimama hapo.

Hapa ndipo hekima ya wahenga inapohitaji kusomwa upya, jambo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi hawatalionea ajabu. Jamii imemlea dereva kwa methali za aina moja: mwenda pole hajikwai, haraka haraka haina baraka, polepole ndio mwendo. Methali hizi zilizaliwa na mguu na njia ya mguu. Kwenye leni ya barabara kuu, anayekwenda polepole kupita kiasi ni hatari sawa na anayekimbia, kwa kuwa kinachogonganisha magari yaliyo leni moja ni tofauti ya mwendo baina yao. Mzazi anayemuusia mwanawe aliyepata leseni jana, "Nenda polepole, mwanangu," amemwambia neno la upendo. Iwapo mwana atalitii kwa kutambaa kwenye leni ya kulia kati ya Kahawa na Ruiru, upendo huo utamponza. Mwanagenzi anapaswa kufunzwa kuwa mwendo ni mapatano kati yake na wenzake, na mapatano hayafunzwi kwa methali wala kwa ubao.

Tena kuna suala la kusimama. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza, nchi ambayo Kenya ilirithi kwake kuendesha upande wa kushoto, kinaonyesha kwamba gari lililo kwenye maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi, huhitaji mita 23 ili lisimame, zikihesabiwa zile zinazopotea dereva anapofikiri. Kwenye maili 70, ambazo ni kama kilomita 112, huhitaji mita 96. Mwendo umeongezeka kwa mara mbili na zaidi kidogo, ilhali masafa ya kusimama yameongezeka kwa zaidi ya mara nne. Nchini Kenya gari dogo huruhusiwa kufika kilomita 110 kwenye barabara pacha pasipo na ishara ya kupunguza, na kwa mwendo huo linameza mita 30 kwa kila sekunde. Akili ya binadamu haikuumbwa na kipimo cha mambo haya. Kinajengwa kwa mazoezi, na mahali pa kujengewa ni palepale mwendo ulipo.

Utafiti wa Mourant na Rockwell, uliochapishwa Marekani mwaka 1972, ulifuatilia macho ya madereva wapya na wazoefu wakiwa safarini, zikiwemo barabara za mwendo wa kasi. Wapya walitazama karibu na pua ya gari, na walivitazama vioo mara chache kuliko wazoefu. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanatazama pale walipofunzwa kutazama, kwa sababu mjini hatari hutokea karibu: mtoto, mbuzi, mkokoteni. Kwenye barabara kuu hatari hutokea mbali mbele na mbali nyuma, na jicho lisilofunzwa huiona ikiwa imekwisha kufika.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kwa njia zinazotofautiana. Kisa cha Uingereza kina kinaya kinachostahili kutajwa. Tangu barabara ya kwanza ya aina hii ilipofunguliwa huko Preston mwaka 1958, mwanagenzi alipigwa marufuku kuingia humo. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: leo ni kosa la jinai kuingia ukiwa na mwalimu, kesho ukishafaulu waweza kuingia peke yako. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 4 Juni 2018, na mwanagenzi akaruhusiwa kuingia akiwa na mwalimu aliyeidhinishwa katika gari lenye breki mbili. Ni ruhusa tu; si lazima. Ujerumani kwa miaka mingi imeshika njia ngumu zaidi, ikimtaka mwanagenzi wa gari dogo amalize safari maalumu pamoja na mwalimu: tano za barabara za nje ya miji, nne za barabara za mwendo wa kasi na tatu za gizani, kila moja ikihesabiwa kwa kipindi cha dakika 45. Msomaji na azingatie hesabu hiyo: zile za nje ya miji ni nyingi kuliko zile za mwendo wa kasi. Wajerumani wanajua wanachokiogopa.

Hilo ndilo linaloleta hoja ya wapinzani iliyo nzito kuliko zote. Husema kwamba barabara pana zenye leni nyingi na ukuta katikati ndizo salama zaidi ukilinganisha na masafa yanayosafiriwa humo, kwa kuwa magari hayakutani uso kwa uso. Kwa nini basi kumtoza mwanagenzi ada zaidi ili afunzwe mahali palipo salama? Aidha, mwanagenzi wa Lodwar au wa Marsabit ataipata wapi barabara ya leni nane? Hoja hizi ni za kweli, na anayezipuuza hajasafiri. Kenya ina barabara chache mno za aina hiyo. Zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakiuawa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, waenda kwa miguu wakiwa kundi kubwa zaidi miongoni mwao, na barabara zinazotajwa kila mara kwenye taarifa za msiba ni zile za pande mbili zisizotenganishwa kwa ukuta: Nairobi kwenda Mombasa kupitia Salama na Mtito Andei, na Nairobi kwenda Nakuru na kwingineko magharibi.

Jibu la hoja hiyo ni kulipanua somo. Atakayesema dereva mpya afunzwe barabara ya Thika pekee atakuwa amemwandaa kwa safari ya Jumapili na kumwacha bila silaha kwa safari ya Krismasi ya kwenda ushagoo. Somo linalohitajika ni la barabara kuu kwa maana yake pana, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni kulipita gari jingine kwenye barabara ya pande mbili. Na ifanywe hesabu. Lori la trela lenye urefu wa mita 17 hivi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Dereva wa gari dogo anataka kulipita akiwa kwenye kilomita 100. Akianza mita 30 nyuma yake na kurudi kwenye leni yake mita 30 mbele yake, atahitaji sekunde 14 na zaidi upande wa kulia. Katika muda huo atakuwa amesafiri mita 400, na gari linalomjia kwa mwendo kama wake litakuwa limesafiri mita 400 nyingine. Kwa hiyo anahitaji mita 800 za barabara tupu, inayoonekana yote, bila kilima wala kona. Ni madereva wangapi wapya wanaoweza kuitazama barabara na kuzikadiria mita 800? Ni walimu wangapi waliowahi kuwaonyesha? Mwanagenzi wa Lodwar hana leni nane, lakini barabara ya lami ya pande mbili anayo, na somo hili laweza kutolewa kwake vizuri tu.

Wapo pia wanaohofia kwamba mafunzo yatazaa kiburi. Hofu hii ina mashiko. Nchini Norwe, mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi yaliyoanzishwa mwaka 1979 yalipotathminiwa, ilibainika kwamba vijana wa kiume waliyapitia na kupata ajali zaidi za utelezi, si chache. Walitoka darasani wakijiona mabingwa. Funzo lake ni kuhusu namna ya kufunza. Anayefunzwa jinsi ya kujiokoa baada ya gari kumponyoka hutoka akitamani limponyoke. Anayefunzwa kuziona mita 800, na kuridhika kukaa nyuma ya lori hadi Emali zisipopatikana, hana cha kujivunia mbele ya wenzake. Huyo ndiye anayetakiwa.

Kuhusu usemi kwamba ajali haina kinga, ambao huandikwa hata kwenye viuno vya matatu, itoshe kusema kwamba wanaoupenda sana huvaa mishipi wakimwona askari.

Liko jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili, nalo ni lugha. Mwalimu wa udereva humu nchini hufunza kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko ambao Kiswahili ndicho uti wake wa mgongo. Msamiati wake wa mjini umekomaa: kanyaga klachi, achilia, tafuta gia, kata kona, piga breki. Ni vitenzi vya mkono na mguu, vifupi na visivyo na utata. Mwalimu huyo akifikishwa kwenye barabara kuu, lugha humpungukia. Tendo la kuongeza mwendo ukiwa pembeni ili ulingane na magari yaliyomo kisha uingie miongoni mwayo huitwa vipi? Mtaani husemwa kujipenyeza, kitenzi ambacho kina harufu ya mwizi na kinamfunza mwanagenzi kuwa kuingia ni hila. Kujiunga kungefaa zaidi, kwa sababu mwenye kujiunga na msafara kwanza hulinganisha hatua zake na za msafara. Ishara kubwa za barabara ya Thika zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, na neno "barabara kuu" hubeba kila kitu, kuanzia leni nane za barabara hiyo hadi lami nyembamba inayokatiza mashamba. Idara za Kiswahili zimetoa istilahi za isimu, za sheria na za tarakilishi. Kijitabu cha istilahi za udereva, kilichoandikwa na watu waliokaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwanagenzi wakisikiliza, kingekuwa kazi ya maana kwa tasnifu yoyote.

Kizingiti kinachobaki ni kile kinachojulikana na wote na kutajwa na wachache. Mahali ambapo leseni imewahi kununuliwa, somo la ziada laweza kuwa ada ya ziada tu, na ukurasa wa ziada wa kutiwa sahihi na mtu ambaye hakutoka ofisini. Ndiyo maana pendekezo lolote la masomo haya halina budi kueleza yatakavyothibitishwa. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu shule za udereva, walimu na leseni tayari zinampa mwalimu nafasi ya mtu anayeidhinishwa na kuwajibika. Kila safari ya barabara kuu na iandikwe kwa jina la barabara, tarehe, saa, masafa na nambari ya idhini ya mwalimu, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ihifadhi rekodi hiyo pamoja na leseni. Dereva akipata ajali mbaya katika mwaka wake wa kwanza, rekodi ifunguliwe na mwalimu aitwe kueleza. Wengi watasitasita kutia sahihi mahali ambapo huenda wakaulizwa.

Safari nne zingetosha kwa kuanzia: mbili za barabara ya pande mbili, moja ya barabara pacha kwa wale walio karibu nayo, au ya tatu ya pande mbili kwa wasio karibu, na moja baada ya magharibi. Zile za kwanza zifanywe Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya ibada kuanza na matatu kuamka, kwa magari yanayoweza kufika kilomita 80 bila kutetemeka. Shule ambayo gari lake haliwezi haina haja ya kulileta. Siku ya mtihani, kabla ya kigari cha kuchezea kuwekwa mezani, mtahini aifungue rekodi na kumuuliza mwanagenzi alipoingilia barabara kuu mara ya mwisho, gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa umbali gani, na yeye alikuwa kwenye gia ya ngapi.